Bi Ridhaa na Bibi Aliyelala

Ofisi yetu ni moja. Mimi nafundisha saketi, yeye anafundisha maadili, na wanafunzi wetu ni walewale wa uhandisi wa vifaa tiba. Hajawahi kufungua dirisha bila kuniuliza. Nikinyamaza, anasubiri, maana kwake kunyamaza si kukubali, na jasho linatutoka wote wawili. Wanafunzi wakampachika jina la Bi Ridhaa, kwa idhini yake.

Wengi waliliona somo lake porojo za kujazia ratiba. Mmoja wao, kijana wa mwaka wa mwisho mwenye kichwa kigumu, alitengeneza bangili ya wagonjwa: taa ya kijani mtu akilala, nyekundu akiwa macho. Akamvalisha bibi yake akiwa katika usingizi wa mchana. Taa ikawaka kijani mpaka alipomvua.

Mimi nikampa alama za juu. Bi Ridhaa akagoma kuupitisha mradi, kwa kuwa bibi hakuulizwa. Bila mradi kijana hahitimu. Nilimkasirikia mwenzangu, na nilimwambia.

Kesho yake bibi mwenyewe akaingia, mkoba kwapani, mjukuu nyuma yake amenywea.

"Mwalimu, naambiwa unamfelisha mjukuu wangu kwa ajili yangu. Mimi nilimridhia."

"Mama, mtu aliyelala hawezi kuridhia."

"Nani kalala?" Bibi akacheka. "Nilimsikia tangu anafungua mlango. Nikafumba macho nisimtie aibu, nikawa nawaza mambo yangu. Nikakoroma kidogo, nimsaidie."

"Mwalimu, umesikia?" Kijana alirukaruka. "Alikubali!"

Kisha akaitazama bangili mezani kwangu, akakaa chini bila kukaribishwa. Hata mimi nilikuwa nimeshaelewa. Lile dude lilikuwa limedanganywa na ajuza mwenye huruma.

"Ungemuuliza tu, mwanangu," Bi Ridhaa alisema kwa upole.

"Ningejua yu macho."

Tukamwongezea muhula mmoja arekebishe. Kijana akaichukua bangili, akapiga magoti mbele ya bibi yake.

"Bibi, naomba nikupime."

"Leo sitaki, nimechoka."

Kijana akafungua mdomo abembeleze, akaufunga, akairudisha bangili mfukoni. Bi Ridhaa akampa alama za maadili palepale, macho yamemlowa.

Mimi nikazifuta zile alama za juu nilizompa. Joto lilikuwa limenizidi, nikamuuliza mwenzangu kama naweza kufungua dirisha.