Kabla ya Fomu, Odilia Hufungua Begi

Saa mbili na robo asubuhi, Jumatano, begi la Mama Tuntufye limelazwa wazi kwenye mkeka katikati ya duka la Odilia Ndunguru, mjini Kyela. Vitenge vimepangwa upande wa kushoto. Vyakula viko kulia. Kompyuta imewashwa tangu duka lilipofunguliwa, lakini Odilia hajaigusa.

"Kompyuta haijui umebeba nini," anasema, akikunja kitenge cha tatu. "Inajua nitakachoiandikia mimi."

Odilia ana umri wa miaka arobaini na tatu. Kwenye kibao cha duka lake pameandikwa vifaa vya ofisi na kutoa nakala, lakini wengi wanaoingia hapa wana safari za nje. Huwajazia maombi ya viza na fomu za uhamiaji mtandaoni, huwalipia mizigo ya ndege, huwachagulia viti. Tangu mwaka 2017 daftari lake lina majina ya wasafiri 312: wauguzi, wanafunzi, wachungaji walioalikwa kwenye mikutano, wafanyabiashara wa kakao.

Yeye mwenyewe ni mtu wa Mbinga. Alikuja Kyela mwaka 2011 na mumewe, Clemence, mwalimu wa kemia aliyehamishiwa huku. Kinyakyusa chake ni cha salamu na shukrani, na wateja wake wanamcheka kwa kuvuta maneno kupita kiasi.

Mteja wa leo, Mama Tuntufye, kwenye pasipoti ni Elizabeth Mwangoka, mwenye miaka sitini na nne, mkulima wa mpunga wa Ngonga. Kesho ataondoka uwanja wa Songwe kwenda Dar es Salaam, kisha ndege mbili zaidi hadi New Zealand. Hajawahi kupanda ndege. Binti yake, Tuntufye, ni muuguzi huko na anatarajia kujifungua mtoto wa kwanza ndani ya wiki mbili. Mume wa Tuntufye ni dereva wa lori la masafa marefu, hayupo nyumbani siku tano kati ya saba.

"Aliniambia kitu kimoja tu," anasema Mama Tuntufye. "Mama, uwepo."

Viza ilichukua miezi mitatu. Odilia alishughulikia picha, vyeti, barua ya mwaliko na tafsiri zake. Imebaki fomu moja, tamko la msafiri, ambayo haipokelewi mapema. Hujazwa saa ishirini na nne kabla ya safari kuanza. Ndiyo sababu begi limeletwa leo.

Fomu hiyo ni bure. Odilia husema hivyo kwa kila mteja kabla ya kutaja bei yake, kwa kuwa zipo tovuti za wajanja zinazofanana na ile ya serikali na kutoza fedha. Mwaka jana mteja mmoja alimletea risiti ya dola themanini kwa fomu isiyolipiwa. Yeye hutoza shilingi elfu ishirini kwa kazi ya kujaza. Mwezi mzuri humwingizia kama laki sita, kabla ya pango la elfu tisini na gharama za intaneti. Mwezi mbaya hazifiki laki mbili.

Hakuanza kwa kufungua mabegi. Mwaka 2021 alimjazia fomu kijana wa Katumba Songwe aitwaye Bryson, aliyekuwa akienda masomoni. Ilikuwa adhuhuri, foleni ndefu, umeme unakatika na kurudi. Kwenye maswali ya vyakula, mimea na wanyama aliweka "hapana" kuanzia juu hadi chini bila kumuuliza. Begi la Bryson lilikuwa na usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, kilo mbili. Alitozwa faini inayokaribia shilingi laki sita siku ya kwanza ugenini.

"Alinipigia simu. Hakupiga kelele," Odilia anakumbuka. "Akaniuliza, 'Dada Odilia, ulinijazia nini?' Nikamwambia nitamrudishia kidogo kidogo. Akasema, 'Usinirudishie. Muulize anayefuata.'"

Tangu siku hiyo anayefuata huulizwa. Na kwa kuwa Odilia aligundua kwamba mtu akiulizwa kama amebeba chakula hufikiria njugu za kutafuna njiani, aliyageuza maswali ya fomu yafuate nyumba ya mtu wa Kyela. Yako manne, yameandikwa kwa kalamu nene kwenye kadibodi ukutani: Umetoa nini jikoni? Umetoa nini ghalani? Umetoa nini shambani? Umetoa nini ziwani?

Nguo za ndani hukaa kwenye mfuko mweusi. "Mfuko siufungui," anasema. "Naupapasa."

Mama Tuntufye anajibu bila kusita. Jikoni, chumvi na kijiko chake cha mti. Ghalani, mchele kilo tano, wa shamba lake mwenyewe. Shambani, ndizi. Ziwani, usipa mkavu kilo moja, kwa ajili ya mchuzi wa mzazi.

"Ndizi zinabaki, mama," anasema Odilia. "Matunda mabichi hawayaruhusu hata kidogo."

"Zote?"

"Zote."

"Huko wanampa mzazi nini?"

"Sijui. Mkate, labda."

Mama Tuntufye anamtazama kama aliyetukanwa kwa upole.

Begi linabebwa mlango wa pili kwa Aliko, mnunuzi wa kakao, mwenye mizani ambayo wasafiri wa Odilia wameitumia kwa miaka mitatu bila malipo. Pamoja na ndizi, begi lina kilo 27.4. Tiketi inaruhusu 23. Kulipia ziada mtandaoni kungegharimu dola hamsini na tano, na Odilia angepata kitu kidogo kwa kulipia. Bila ndizi, mizani inasoma 22.8. Hakuna cha kulipia. Ndizi zinagawiwa kwa watu waliokaa kwenye benchi wakisubiri kutoa nakala, na Aliko anachukua tatu.

"Ushuru wa mizani," anasema.

Begi linarudi dukani. Ni wakati wa kulifunga ndipo Odilia anaposhika viatu vya kanisani vya Mama Tuntufye, vyeusi, vyenye kisigino kifupi. Anashika kimoja mkono huu, kingine mkono ule. Anasimama.

"Mama, kiatu hiki kina nini?"

"Kiatu."

"Ni kizito kuliko mwenzake."

Mama Tuntufye anaingiza vidole viwili na kutoa leso iliyofungwa fundo. Ndani kuna mpunga wenye maganda, punje nene za rangi ya dhahabu, kiasi cha viganja viwili vilivyojaa.

"Hiyo ni mbegu," anasema, kwa sauti ya mtu anayemweleza mtoto.

"Si nilikuuliza ghalani?"

"Ghalani nilikwambia mchele."

"Na shambani?"

"Shambani imevunwa zamani. Mbegu haikai ghalani, mwanangu, ingeliwa. Inakaa chumbani na mwenye shamba. Hukuniuliza chumbani."

Aliko amefuata hadi mlangoni akimenya ndizi ya pili. "Mama, wangekudaka uwanjani. Bibi wa Ngonga, magendo kiatuni. Tungekuona kwenye taarifa ya habari."

"Wewe kula ndizi zangu unyamaze," anamjibu Mama Tuntufye bila kugeuka.

Hakuwa amedanganya. Kwa mkulima wa mpunga, mbegu haihesabiwi pamoja na vyakula. Haipikwi hata ghala likikauka, na nyumba inayoipika huzungumzwa vibaya kijijini. Ameitenga kila mwaka tangu alipopewa na mama mkwe wake, mwaka 1983. Alitaka kuiotesha kwenye ndoo nyuma ya nyumba ya binti yake, mjukuu akikua aone mpunga wa kwao ukiwa na majani.

Odilia anafungua tovuti ya serikali ya nchi hiyo na kumsomea sentensi moja baada ya nyingine, akizitafsiri. Mbegu za nafaka haziingii bila kibali. Msafiri akizitaja, zitachukuliwa na kuteketezwa. Asipozitaja, kuna faini, na jina lake litaingia kwenye kumbukumbu.

"Na viza ya kuja tena?"

"Wataangalia kumbukumbu hizo hizo, mama."

"Wataichoma moto?"

"Wataichoma."

Printa iliyo nyuma yao inatoa kurasa tatu za mwanafunzi mmoja. Mama Tuntufye ana njia tatu: kuitaja ichomwe, kuificha na kuhatarisha safari inayosubiriwa, au kuiacha. Nyumbani kwake Ngonga hakuna atakayebaki, na majirani wana mbegu zao. Panya wangeimaliza.

Anafunga fundo upya, anavuta mkono wa Odilia na kuiweka leso kiganjani.

"Kaa nayo wewe. Usipike."

"Mama, mimi ni mtu wa Mbinga. Kwetu kahawa. Mpunga naujua ukiwa kwenye sahani."

"Mimi nilikuwa naijua fomu?"

Odilia anaiweka leso kwenye droo yenye pasipoti za wateja, anafunga kwa ufunguo, kisha anageukia mfuko wa mchele. Swali jipya limemjia. Kama mbegu ni punje yenye ganda, basi punje yoyote yenye ganda iliyobaki kwenye mchele ni mbegu pia. Mashine ya kukoboa haimalizi zote.

Kwa saa moja na dakika kumi, kompyuta ikiwa imelala, wanawake wawili wanachambua mchele kwenye ungo ulioazimwa kwa mama lishe wa jirani. Wateja wa nakala wanasubiri. Mmoja, mzee mwenye barua ya kijiji, anavuta kiti na kusaidia. Zinapatikana punje arobaini na moja zenye maganda. Odilia anazihesabu, anazitupia kuku wa Aliko, anaufunga mchele kwenye mfuko mweupe unaoonyesha ndani.

Ndipo anapokaa kwenye kompyuta. Anasoma kila swali kwa sauti, kwa Kiswahili, na haandiki mpaka ajibiwe. Chakula? Ndiyo. Samaki? Ndiyo. Kifaa cha mti? Ndiyo, kijiko. Mbegu? Mama Tuntufye anaangalia droo.

"Hapana," anasema.

Mwisho Odilia anachapa karatasi moja kwa Kiingereza, herufi kubwa: nina mchele kilo tano, usipa mkavu kilo moja na kijiko cha mti, naomba mkague. Anamwelekeza aishike mkononi pamoja na pasipoti tangu anaposhuka ndege ya mwisho.

"Wakikuuliza kitu usichokielewa, usitikise kichwa. Toa karatasi, fungua begi."

"Kama hapa kwako."

"Kama hapa kwangu."

"Ndaga fijo, mwanangu," anashukuru Mama Tuntufye. Odilia anamjibu kwa Kinyakyusa, akilivuta neno la mwisho, na benchi zima linacheka.

Siku tisa baadaye, gazeti hili liliporudi dukani, Odilia alifungua ujumbe wa sauti kwenye simu na kuiweka juu ya meza. Sauti ya Mama Tuntufye ilikuwa karibu, kana kwamba anapiga kutoka Ngonga.

Afisa wa ukaguzi, alisimulia, alisoma karatasi mara mbili. Aliufungua usipa, akanusa, akamwita mwenzake naye anuse. Kijiko alikigeuza chini ya taa na kumrudishia. Kisha alimwaga mchele kwenye sinia jeupe na kuupekua kwa kijiti, kutoka pembe hadi pembe, zaidi ya dakika kumi.

"Hakuona hata moja," ilisema sauti. "Nikamwangalia tu. Nikasema moyoni, tafuta, baba, tumeshatafuta sisi."

Alikaa kwa wakaguzi dakika arobaini. Tuntufye alijifungua siku ya nne baada ya mama yake kufika, mtoto wa kike. Mama alikuwepo. Mchuzi wa usipa ulipikwa na madirisha yakafunguliwa kwa heshima ya majirani.

Ukutani, chini ya maswali manne, sasa kuna la tano, kwa wino mpya: Umetoa nini chumbani? Wiki iliyopita lilimpata mfanyabiashara aliyekuwa na mbegu za maboga ndani ya kopo la mafuta ya kujipaka. Alicheka mwenyewe, akaziacha.

Mipango ya Odilia ni miwili. Wa kwanza ni mizani yake mwenyewe, ya kidijitali, ya kama shilingi laki moja na nusu, ili Aliko asiendelee kudai ndizi. Wa pili umeshaanza. Amekodi kipande cha hatua ishirini kwa ishirini huko Ngonga, kando ya shamba la Mama Tuntufye. Jirani wa shamba hilo, Monica, amekubali kumwonyesha namna ya kuandaa kitalu mvua zikikolea mwezi Desemba, na namna ya kupandikiza baadaye. Mbegu ilipimwa kwa Aliko: gramu mia tatu na themanini. Haiko tena kwenye droo. Imehamia chumbani kwake, kichwani mwa kitanda, na mumewe ameonywa.

Clemence, mwalimu wa kemia, haoni sababu ya kisayansi ya mbegu kulala chumbani. "Lakini sijaigusa," anasema.

Kwenye tiketi ya Mama Tuntufye tarehe ya kurudi ni Mei 19. Odilia aliichagua mwenyewe, kwa sababu ya viza na bei. Ni Monica aliyempigia hesabu kwenye vidole baadaye na kumwambia kwamba mpunga ukipandwa kwa wakati, wiki hiyo utakuwa umeinama kwa uzito wa punje.

"Akishuka Songwe nitamuuliza maswali yote matano," anasema Odilia, akivuta mkeka katikati ya duka kwa ajili ya begi linalofuata. "Yeye ataniuliza moja. Nataka niwe na jibu."