Mlango wa Kerubo

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize. Haya yalinipata mimi mwenyewe hapa Magwagwa, mwaka wa 1967, nilipokuwa fundi seremala kijana mwenye kiburi kingi kuliko mbao.

Jirani yangu Kerubo, mjane, alikuwa amefariki. Mwanawe wa pekee, Onchari, alikwenda kuchuma chai Kericho akakaa miaka bila kuandika barua. Kabla hajafa, yule mama aliniita akanisihi niuangalie mlango wake wa mbao mpaka kijana arudi. Kwetu, nyumba ya marehemu haikuguswa hadi mtoto aliye mbali aje, aingie kwa mlango ule ule aliotokea. Nilimwitikia vizuri tu.

Lakini mke wangu alitaka sanduku la kuwekea mablanketi, maana panya walikuwa wametuzidi. Na mlango wa Kerubo ulikuwa wa mtarakwa mkavu, mchwa hawajauonja. Nikajiambia mimi ni Msabato, mambo ya wazee hayanihusu. Ijumaa asubuhi niliung'oa, nikaupiga msumeno.

Alasiri mvua ikashuka. Nilikuwa nikipigilia bawaba za kifuniko mbio mbio, nimalize kabla jua halijatua na Sabato kuingia. Kuinua macho, mwanamume amesimama ndani ya karakana, amelowa chapachapa. Nilimkaribisha. Alikuja akapapasa ubavu wa sanduku, vidole vikasimama kwenye alama za kisu ambazo sikuwa nimezipigia randa.

"Mbao hizi umezitoa wapi, fundi?"

Nikadanganya kwamba nilizinunua mbali, sokoni Kenyenya.

"Mama alinipimia kimo hapa nilipoanza shule," akasema taratibu, bila hasira. "Sasa nitaingilia wapi?"

Aligeuka akatoka kwenye mvua. Nilimfuata na nyundo mkononi, nikakuta njia nzima tupu. Niliporudi, niamini, maranda ya mbao sakafuni pale aliposimama akitiririka maji yalikuwa makavu kabisa.

Jumapili watu wanne walifika kutoka Kericho na jeneza. Onchari alikuwa amefariki Jumatano.

Walitaka kumwingiza kwanza nyumbani kwa mama yake, kama inavyotakiwa. Nililibomoa sanduku huku nikilia mbele ya mke wangu, nikaenda kuurudisha ule mlango kipande kwa kipande. Mbao nilikuwa nimezikata fupi. Mlango ukaning'inia juu ya kizingiti kama suruali ya mtoto kwa mtu mzima, na waombolezaji wote wakautazama. Ami yake Onchari alinitazama mimi, kisha akawaambia wabebaji, "Mpitisheni hivyo hivyo."

Ningependelea anipige.

Sasa nimezeeka. Mvua ya alasiri ikianza, mlango wa karakana nauacha wazi, maji yaingie yakitaka. Onchari huja. Hupapasa lolote ninalotengeneza, kabati au kitanda, akitafuta zile alama, kisha hutoka. Sijawahi kumzoea, na kila mara moyo huniuma upya.

Kwa hiyo wewe unayepita kando ya nyumba iliyohamwa ukaona mbao nzuri, usishike nyundo kabla ya kuuliza ni nani ambaye bado hajarudi. Mimi sikuwa na haja hata ya kuuliza. Nilikuwa nimeambiwa.