Mlango wa Bi Time na Baraza la Konde

Mlango wa kioo wa duka la Bi Time, hapa Konde, unafunguka nusu tu. Mteja mwembamba huingia ubavu ubavu. Mnene huhudumiwa nje. Juzi mama mmoja wa Wingwi alisimama barabarani akapaza sauti, "Bi Time, mimi hapo sipiti! Nitolee hilo buibui nilitazame hapa hapa."

Kinachozuia mlango ni baraza, yaani benchi la mawe na chokaa lililojengwa mbele ya duka, kulia na kushoto mwa mlango. Milango ya mbao ya zamani ilikunjwa kwa ndani. Huu wa kioo ni mpana, unafungukia nje, na unaligonga baraza.

Nilianza kazi ya ukaguzi wa majengo kule Mkoani. Siku ya kwanza nilifika na timazi mpya, ule uzi wenye kizito unaoonesha kama ukuta umesimama wima. Mkaguzi Mkuu aliitazama akacheka.

"Iweke mfukoni. Kaa hapo barazani mpaka adhuhuri."

"Na kazi, Bwana Mkaguzi?"

"Ndiyo hiyo. Angalia maji yanapita wapi na watu wanapita wapi. Kuta zote huharibiwa na hao wawili."

Nilipohamishiwa Chake Chake, maduka yalikuwa yanang'oa milango ya mbao na kuweka ya chuma ya kuviringisha. Kila mtu alitaka uwazi mkubwa zaidi, nami nikawa mtu wa kukagua linta, boriti inayolala juu ya mlango kubeba ukuta. Ofisa wa Ujenzi, mtu wa mzaha, aliwaambia wenye maduka, "Mbao huliwa na mchwa, chuma huliwa na chumvi. Mchagueni mnayetaka kumlisha."

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Konde, na hapa nikastaafu. Sasa kila asubuhi hukaa kwenye baraza la Bi Time pamoja na Mzee Kombo, aliyekuwa mshona viatu, na wenzake. Wameketi hapo tangu enzi za baba yake Bi Time.

Bi Time hana raha. Duka la ng'ambo lina kioo, taa na mlango unaofunguka wote, na wateja wake wameanza kuvuka barabara. Kuugeuza mlango ufungukie ndani kutamlazimu aondoe makabati ya nguo.

"Mzee Kombo, shikamoo. Sogea basi, mteja apite."

"Marahaba, mwanangu. Apite wapi hapo, kwani yeye barua?"

Wazee wakaangua kicheko. Bi Time akanigeukia. "Na wewe, Mzee! Jana ulikuwa mkaguzi, leo umekuwa kizuizi."

Maneno hayo yalinichoma, kwa sababu ni kweli. Nalipenda baraza, na nataka duka lake liishi. Nikamwambia ilichonifundisha kazi: katika nyumba hizi, baraza jingine lilijengwa pamoja na ukuta, mawe yao yamefumana, na ukilivunja ukuta unapasuka. Jingine liliongezwa baadaye, na hilo laweza kuondoka bila madhara. Kwa macho hulijui. Lazima ukwangue lipu pale baraza linapokutana na ukuta, uone mawe.

"Mkikuta yameachana?" akauliza Mzee Kombo.

"Navunja," akasema Bi Time.

"Na yakiwa yamefumana?"

"Nitahamisha makabati, nanyi mtakaa. Lakini mtanunua!"

Wote wakakubali, hata Mzee Kombo, ingawa alijivuta kidogo. Jana fundi mwashi alikuja na patasi akaanza upande wa kulia. Huko mawe yameachana. Kati ya baraza na ukuta kuna mstari wa chokaa tupu. Bi Time alitabasamu.

Lakini mlango unagonga upande wa kushoto, na huko fundi hajakwangua: Mzee Kombo bado amekaa.