Mkono wa Kushoto wa Fundi Kola

Fundi Kola alikuwa na mdomo. Si mdomo wa kulia chakula tu, hapana. Mdomo wa kukuuzia suruali fupi ukaenda nayo nyumbani ukiamini ndiyo mtindo. Mtaa mzima ulimjua kwa mambo mawili: kola zake, zilizosimama wima kama zimeamrishwa, na maneno yake, ambayo hayakusimama kamwe. Mwenyewe alikiri. "Mimi ningezaliwa bubu," alisema, "ningekufa njaa."

Kisha kifafa kikamzidi. Alikuwa nacho tangu ujana, kikimwangusha mara mojamoja, lakini miaka ya karibuni kilimwangusha juu ya cherehani, karibu na pasi ya moto, hata miguuni pa mteja anayepimwa kiuno. Dawa zikagonga mwamba. Mwishowe madaktari wakampasua kichwa, wakakata daraja la nyuzi linalounganisha upande wa kulia na wa kushoto wa ubongo, ili moto ukiwaka upande mmoja usivuke kwenda wa pili. Kuanguka kukakoma.

"Hebu oneni," aliwaambia waliokuja kumpa pole, "maisha yangu yote nakata nyuzi za watu, leo wamekata zangu, tena bila hata kunipima!"

Kicheko kilimwisha siku aliyorudi kazini. Mkono wa kulia ulisukuma kitambaa chini ya sindano, wa kushoto ukakivuta nyuma. Alipoinua koti la mteja, kola ilikuwa imeshonewa begani kama kiraka. Loo! Aliona aibu ya kufa mtu. Lakini hakusema ameona aibu. Alisema ameshiba ushonaji, macho yanamuuma, na biashara ya siku hizi ni kuku. Yeye, anayekimbizwa na jogoo wa jirani!

Mkewe hakubisha. Aliendelea kumsindikiza hospitali, kwenye chumba cha daktari mtafiti, mwanamke mpole aliyetaka kujua pande hizo mbili za ubongo zinapashanaje habari daraja lisipokuwepo. Fundi alikazia macho nukta katikati ya kioo cha kompyuta, picha ikapita chapuchapu upande wa kushoto.

"Umeona nini, mzee wangu?"

"Sijaona kitu, daktari."

"Haya, ingiza mkono wa kushoto chini ya kitambaa hiki, uchague chochote."

Mkono ukapapasa, ukapita kijiko, ukapita ufunguo, ukatoka na birika dogo. Picha iliyopita ilikuwa ya birika.

"Mbona umechagua hilo?"

"Ah, nina kiu," alisema Fundi, bila hata kumeza mate.

Daktari akamweleza mkewe taratibu: upande wa kulia wa ubongo uliona birika na ndio unaouongoza mkono wa kushoto, ila hauna usemi. Upande wenye usemi haukuona kitu, lakini ukiulizwa sababu hautaki kushindwa, hubuni moja papo hapo na kuiamini.

"Basi huyu," mkewe akasema, "alikuwa hivyo hata kabla hamjamkata." Fundi ndiye aliyecheka zaidi.

Siku ya kuuza cherehani ikafika. Mnunuzi alikuwa fundi mwenzake wa ng'ambo ya barabara, amekuja na mkokoteni. Wakakubaliana, wakapeana mkono wa kulia.

"Achia basi, kaka, niibebe."

"Si nimeachia?"

"Hujaachia."

Fundi akatazama. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeng'ang'ania gurudumu la cherehani mpaka vidole vimekakamaa.

"Ah, huu? Naishikilia isije ikaporomoka." Cherehani ilikuwa imesimama sakafuni kwa miguu yake minne ya chuma. "Yaani naangalia kama ina mafuta. Unajua gurudumu likikauka..."

Mkewe akaja, akaanza kuvibandua vidole kimoja kimoja. Alipofika cha tatu, cha kwanza kilikuwa kimesharudi. Akaacha. Akamgeukia mnunuzi.

"Shemeji, utatusamehe kwa usumbufu. Haiuzwi."

"Mama, we! Tumeshakubaliana!" Fundi akadakia.

"Ulikubaliana wewe na mdomo wako."

Mnunuzi akaguna, akasukuma mkokoteni wake mtupu. Fundi akafungua kinywa atoe sababu, yoyote ile, macho au kuku. Haikuja hata moja.

"Naogopa," alisema. "Naogopa, mama watoto. Nikiharibu tena nguo ya mtu?"

Mkewe akavuta kigoda, akaketi upande wa kushoto wa cherehani, akatandika kipande cha kitambaa kikuukuu chini ya sindano.

"Utafumua," alisema. "Kwani zamani ulikuwa hufumui?"