Kompyuta Yenye Feni

Kwa miaka miwili nilikana jambo hili mbele ya mwanangu, mbele ya jirani, na mara moja mbele ya padri aliyekuja kubariki nyumba: sikuwa nikiiwasha kompyuta yangu asubuhi kwa ajili ya kazi. Niliiwasha kwa ajili ya kelele zake.

Ilikuwa kompyuta kubwa ya mezani, ya zamani, niliyorudi nayo Tabora kutoka Dar es Salaam nikiwa nimeifunga kwenye blanketi kama mgonjwa. Ofisi nilimokuwa nikihariri vitabu ilikuwa inaiondoa, nami nikaichukua kwa sababu ya uzito wake. Sisi Wanyamwezi tuna udhaifu huo. Mababu zetu walibeba pembe za ndovu begani kutoka hapa hadi pwani, na aliyebeba pembe kubwa ndiye aliyesifiwa. Hadi leo kitu chepesi hatukiamini. Nimeandika makala kadhaa juu ya wapagazi hao, makala zenye tanbihi, na katika maisha yangu sijabeba kitu kizito kuliko kompyuta ile. Hata hiyo aliibeba kuli wa stesheni.

Ndani yake mlikuwa na feni. Ukiiwasha ilivuma, ikapandisha sauti, kisha ikatulia kwenye mngurumo wa mtu mzima anayesinzia kitini. Mama, niliyerudi ili nimuuguze, aliichukia. "Lizime hilo, linameza maneno," alikuwa akisema, kwa kuwa tukizungumza hakunisikia vizuri. Nililizima. Alipofariki, nikaanza kuliwasha kabla hata ya kupiga mswaki.

Nyumba yetu iko pembeni mwa mji, upande ambao misafara ya zamani ilitokea kuelekea Ujiji. Nikipata mgeni humwonyesha barabara na kumwambia kwamba watu wasiohesabika walipita hapa. Ni kweli. Siku hizi hupita muuza maziwa, saa moja asubuhi, na baada yake sina sababu ya kusimama dirishani, ingawa husimama.

Nikiwa jikoni niliiacha kompyuta ikivuma chumbani, na kupitia ukutani ilikuwa kana kwamba kuna mtu ameketi huko anasubiri chakula. Jirani yangu, mjane anayeshona nguo, mwenye adabu za watu wa mjini, aliniuliza siku moja kama nimepata mgeni. Nilimwambia ni redio. Akafikiri kidogo, akasema mtangazaji huyo ni mpole sana. Hakuuliza tena, na nadhani hadi leo anatunza heshima ya yule bwana.

Mambo yaliharibika kwa sababu ya wema wa mwanangu. Anafanya kazi Dodoma. Aliposikia nalalamika umeme unakatika, alikuja na paneli ya sola, betri na inveta ya kugeuza umeme wake, akapanda juu ya bati mwenyewe, akashuka na vumbi hadi kwenye kope, akaniambia sasa nitaandika bila wasiwasi. Siku aliyoondoka niliiwasha kompyuta kwa umeme wa jua. Haikupita saa moja, inveta ikaanza kulia kama kifaranga aliyeachwa, halafu kila kitu kikazimika. Nikampigia simu.

"Mama, hilo dude linakula umeme wa nyumba nzima," alisema. "Siku hizi kuna kompyuta ndogo zinaingia mfukoni. Unaunganisha na kioo chako hicho hicho na kibodi yako. Inakula umeme kama wa kuchaji simu. Wala haina feni, haipigi kelele kabisa."

"Kabisa?"

"Kabisa. Utasahau kama ipo."

Nilimwambia hilo ni jambo zuri sana.

"Mama, lakini uko sawa huko?"

"Kazi tu zimenizidi."

Wiki hiyo nilikwenda Mtendeni, kwenye duka dogo la fundi wa kompyuta ambaye ni Mzaramo. Kwa asiyejua: Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anaweza kukutukana mbele ya watu, anaweza kukuvua kofia akaondoka nayo, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Kwenye msiba wa mama, fundi huyu alijifunga kanga ya marehemu, akaketi mlangoni na kunigombeza akiiga sauti ya mama, kwamba nimesoma hadi chuo kikuu lakini siwezi kupika uji ukaiva. Nilicheka hadi watu wakanishika. Tangu siku hiyo sikuwahi kupata salamu ya kawaida kutoka kwake.

"Mpagazi umefika," alisema nilipoingia. "Mzigo uko wapi?"

"Nimeuacha nje. Mzaramo akiuona mzigo anaomba alale kwanza."

"Tulale wapi na nyie mnapita usiku kucha mkitukanyagia mihogo?"

Wateja wawili waliokuwa wakisubiri simu zao walisogea ili wasikose kitu. Nikamweleza shida yangu, ya betri na inveta, na yeye akatoa kompyuta mbili na kuziweka mezani.

Ya kwanza niliiweka kiganjani. Ilikuwa nyepesi kuliko kipande cha sabuni ya kufulia. Ya pili ilikuwa na unene wa kitabu cha sala, yenye matundu ubavuni, na alipoiwasha nikasikia feni yake. Haikuwa mngurumo wa lile dude langu. Ilikuwa sauti ndogo, ya mtu anayepoza chai kwa kuipuliza.

"Kwa betri yako," alisema, "hii ndogo utaiwasha asubuhi na utalala ikiwa bado inafanya kazi, na friji, na taa. Hii yenye feni ikifika alasiri itabidi uchague, kompyuta au friji. Sasa wewe unaandika tu. Feni ya nini?"

Nilisema nataka yenye kasi. Akauliza ninaandika maneno mangapi kwa dakika hadi kompyuta ishindwe kunifuata. Nilisema joto la Tabora, hasa kiangazi hiki. Akageuza ile ndogo akanionyesha mgongo wake, chuma kitupu, akasema joto hutokea hapo. Sababu zikaniishia. Na ndipo, mkono wangu ukiwa bado juu ya ile yenye feni, nikasema, "Nyumba yangu imekuwa kimya mno tangu mama aondoke. Nataka kitu kinachopumua."

Alicheka hadi akapiga meza.

"Mmemsikia?" aliwaambia wateja. "Mnyamwezi anatafuta mume dukani kwangu. Na anataka mwenye feni!"

Wateja wakacheka. Nami nikacheka, maana ndiyo kanuni. Nikasema nitafikiria, nikaondoka.

Njiani nilijihesabia ujinga wangu, na nilikuwa na nafasi ya kutosha kwa sababu nilitembea. Kati ya watani hakuna neno linalopokelewa kama kweli. Mtoto wa darasa la pili hapa Tabora anajua hilo. Mimi niliyeandika makala ndefu juu ya utani nilificha jambo moja kwa miaka miwili, na siku ya kulisema nikamchagua mtu pekee ambaye mila inamkataza kuniamini. Au nilimchagua kwa sababu hiyo. Ningemwambia padri, angeniandikisha kwenye kwaya. Ningemwambia mwanangu, angenihamishia Dodoma, kwenye chumba chenye televisheni, na nyumba ya mama ingefungwa kufuli. Hilo ndilo nililoliogopa kuliko ukimya wenyewe: kwamba mtu akijua sababu yangu, nitahurumiwa hadi niondolewe.

Siku zilizofuata niliandika kwa kalamu. Lile dude nililiacha mezani bila kuliwasha. Nilisikia bati likitanuka kwa jua la saa nne. Nilisikia maji yakidondoka kwenye ndoo, nikalibadilisha bomba, kisha nikajuta. Niligundua kwamba ninatafuna kwa kelele. Miaka hamsini na miwili na hakuna aliyewahi kuniambia.

Siku ya tano, nikiwa namenya viazi vitamu, simu ililia.

"Shikamoo, dada."

Niliangalia kioo cha simu nikidhani nimekosea. Lilikuwa jina la fundi.

"Marahaba," nilisema. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Dada, siku ile pale dukani. Ulikuwa unatania?"

Mlango wa kutorokea ulikuwa wazi kabisa. Ningesema ndiyo, angenitukana kidogo, ningenunua ile ya ukubwa wa sabuni, mwanangu angefurahi na mambo yangeishia hapo. Nilikiweka kisu chini.

"Hapana," nilisema. "Sikuwa natania."

Nyuma yake nilisikia mtu akiuliza bei ya chaja, asijibiwe.

"Nilijua wakati nafunga duka," alisema. "Uliondoka bila kunitukana."

"Nilisahau."

"Mnyamwezi hasahau." Halafu akarudi kwenye ile sauti nyingine, ambayo sikuijua. "Sikiliza, dada. Kwa betri ile, chukua isiyo na feni. Ndiyo inayokufaa, sikudanganyi. Mimi na mke wangu tutakuwa tunapita Jumapili, baada ya yeye kutoka sokoni. Sitamwambia mtu kwa nini. Hata mwanao."

Nilimshukuru. Nilimwambia karibuni sana, na nilimaanisha hivyo. Kisha nikasema, "Lakini Jumapili ni siku moja."

"Na friji je?"

"Ndani mna maziwa na nusu ya limau."

Akavuta pumzi. Yule wa chaja akauliza tena.

"Yenye feni, basi," alisema.

"Yenye feni."

"Nitakuwekea kando, uje kesho. Na ukiiunganisha usiifunike na kitambaa kama mnavyofunika redio zenu. Inataka hewa."

Nikamwambia sitaifunika.