Fundi wa Betri wa Temeke

Mwaka 1954, mtaani kwetu Temeke, betri za redio tulimpelekea fundi mmoja mpole, ambaye shati lake la kaki lilikuwa limetobolewatobolewa na tindikali. Kila betri aliifuta vumbi kwanza, kisha akaiunganisha kwa nyaya mbili na taa ndogo. Taa ikiwaka kwa kufifia, alisema taratibu, "Imechoka tu, haijafa."

Siku moja, fundi akijiandaa kuchanganya tindikali na maji ya kujazia betri, karani Apolinari, aliyekuwa na haraka ya kwenda kusikiliza habari, alichukua kopo la maji amsaidie kuyamimina kwenye chupa ya tindikali. Fundi akamdaka mkono, maji yakamwagika chini. "Tindikali ndiyo inayotiwa kwenye maji, karani. Ukitia maji humo yatachemka, yakurukie usoni." Apolinari akanywea, akaomba radhi. Nilidhani atafukuzwa. Fundi akatia maji kwenye bakuli la udongo, akavua miwani yake akamvalisha, akamkabidhi chupa. "Haya, mimina wewe. Kidogo kidogo." Karani akamimina, fundi akikoroga pembeni yake kwa kijiti cha kioo. Walipomaliza, fundi akamwambia aguse bakuli kwa nje. Lilikuwa la moto. Apolinari akacheka, akavuta kigoda akaketi, akauliza moto ule umetoka wapi.