Punje za Mama na Tabia Zangu za Alfajiri

Mwaka ule niliamua kuwa mtu mpya, na kazi ya kwanza ya mtu mpya ilikuwa kuwasumbua watu wa zamani waliokuwa nyumbani.

Yote yalianzia Homa Bay, katika hoteli moja kando ya ziwa, ambako walimu wachache kutoka Rongo tulialikwa kwa semina ya tabia za kila siku za kujenga fikra. Semina ilikuwa ya saa mbili asubuhi. Mkufunzi alifika saa nne na nusu, akajifuta jasho, akaanza na mada ya kuheshimu muda. Tulimpigia makofi. Mimi nilipiga kuliko wote, kwa sababu samaki wa mchana alikuwa ameshaanza kunukia na moyo wangu ulikuwa umejaa shukrani.

Nilirudi na daftari jipya. Kuanzia Jumatatu niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikaoga maji baridi huku nikipiga kelele, nikasimama mbele ya kioo na kusema, "Mimi ni simba. Leo ni yangu." Mke wangu alinisikiliza siku tatu bila neno. Ya nne akasema kutoka jikoni, "Simba, ng'ombe hajakamuliwa." Kuhusu maji baridi alicheka mpaka akashika ukuta. "Sisi tumeoga maji baridi tangu tuzaliwe, mwalimu. Kumbe tulikuwa kwa semina na hatukuambiwa!"

Nikamwandika kwenye daftari, chini ya kichwa "Watu wa Kuepuka". Mkufunzi alituonya juu ya watu wanaokuvuta chini. Kufikia mwisho wa wiki ya pili nilikuwa nimemwepuka jirani anayelalamikia bei ya mbolea, mwalimu mwenzangu anayelalamikia mshahara, na shemeji yangu anayelalamika tu. Sikubaki na mtu wa kuongea naye. Nyani haoni kundule, na kioo nilichokuwa nacho kilikuwa cha kujiita simba tu.

Baada ya kioo ilikuwa zamu ya robo saa ya ukimya. Hapo ndipo mama yangu aliponikwaza.

Mama ndiye mwenye boma. Baba alifariki zamani, na nyumba yangu imejengwa upande wa kushoto wa lango, hatua chache kutoka kwake. Miezi tisa kabla ya hapo alikuwa amepatwa na kiharusi, mkono wake wa kulia ukalala. Kila alfajiri aliketi barazani na sufuria mbili, akitoa punje za mahindi kwenye sufuria moja na kuzitia kwenye nyingine, mojamoja. Tik. Kimya kirefu. Tik. Zikiisha, alianza kuzirudisha. Mimi niliona ni mambo ya uzee. Nikamwendea kwa heshima zote, nikamwambia kwamba nina zoezi la akili kila asubuhi na ule mlio unanivuruga.

"Zoezi?" akauliza kwa Kijaluo chake cha taratibu. "Haya, nyathina," yaani mwanangu. Akaomba ahamishiwe nyuma ya nyumba, karibu na banda la kuku. Siku hiyo niliandika kwenye ukurasa wa shukrani: Nashukuru kwa ukimya. Nikiusoma ukurasa huo leo naona aibu mpaka masikioni.

Kisha mvua ya kwanza ikanyesha, Ijumaa jioni, mvua nzito ya kushiba. Kwetu kila mtu anajua kinachofuata. Hakuna mkono unaotia mbegu ardhini kabla ya mama mwenye boma kutoa mbegu zake. Yeye hutangulia, kisha wana na wake zao kwa kufuata umri. Ukimruka umejitafutia chira, ule ugonjwa wa kukonda polepole wanaopata wavunja miiko. Mimi ni mtu wa kanisa na chira sikuiogopa sana. Mama naye ni mtu wa kanisa, na kila mwaka alipanda wa kwanza. Alisema padri hajawahi kumkataza kushika jembe.

Lakini orodha yangu ya semina ilisema: Fanya jambo gumu kabla wenzako hawajaamka. Usingoje ruhusa ya mtu. Tena nilijiambia kwamba mama na mkono ule hangeweza kupanda msimu huo, kwa hiyo nilikuwa namsaidia. Jumamosi, kabla jua halijachomoza, nilikuwa nimepanda mistari mitatu. Nikajipiga picha na jembe, nikaituma kwenye kundi la semina. Mkufunzi akajibu kwa vipicha vya moto na makofi.

Nilikuwa bado nasoma pongezi mama alipotokea. Alivaa kitenge chake cha kanisani. Pembe ya leso ilikuwa imefungwa mbegu, na nyuma yake mke wangu alimbebea jembe. Alitembea polepole mpaka kando ya shamba, akasimama.

"Nani amepanda?"

Mke wangu hakumwangalia mama, aliniangalia mimi. "Muulize simba," akasema.

Mama alifungua leso. Zilikuwa zile punje za sufuria, zimeng'aa kwa kushikwashikwa. Akamkabidhi mke wangu. "Wachemshie watoto." Kisha akaniambia, bila hasira, na heri angenipiga: "Daktari alisema mkono utarudi nikiufanyisha kazi kila siku. Nikauambia urudi kabla ya mvua. Umerudi jana. Lakini naona boma lina mwenyewe mwingine. Mimi sasa ni mgeni hapa."

Akageuka kwenda. Sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia pale, na jembe langu, na simu ikilia makofi mfukoni.

Mke wangu alizuia mkono wangu nilipotaka kumkimbilia mama na maneno. "Maji yakimwagika hayazoleki," akasema, "lakini mahindi yanazoleka. Piga magoti."

Nikapiga magoti. Nilifukua shimo baada ya shimo kwa vidole, punje mbilimbili, nikizitia kwenye beseni. Nyingine zilijificha, nikazitafuta kwenye tope kama kuku. Jirani niliyemwepuka alipita, akauliza kama hiyo nayo ni tabia mpya. Niliendelea kufukua. Jua lilikuwa limepanda sana nilipompelekea mama beseni barazani.

Alizikagua muda mrefu. "Zimevimba, lakini hazijaota," akasema mwishowe. "Kitu ambacho hakijaota hakijapandwa. Hilo nimeamua mimi." Kisha akamwita mke wangu. "Hujachemsha?"

"Nichemshe mbegu, Mama? Mimi sijaenda semina."

Mama alicheka, akaichukua leso.

Alipanda mstari mmoja. Mke wangu alichimba mashimo, na mama aliinama juu ya kila moja, akingoja vidole vyake vifunguke. Punje moja iliangukia nje. Nilipotaka kuiokota, mke wangu alinifinya. Mama akaiokota mwenyewe. Vidole viliteleza mara ya kwanza na ya pili. Kundi la semina liliuliza ushindi wangu wa mchana ni upi. Nilizima simu na kuendelea kusimama, sina kazi, nangoja.

Alipomaliza alinyooka taratibu, akachukua jembe kutoka kwa mke wangu, akanijia.

"Haya, nyathina. Sasa panda."

Na jembe alinipa kwa mkono wa kulia.